Mtoto akilia mpaka ukampa simu, nani kamfundisha mwenzake?

Wazazi wanaoniletea watoto wa miaka mitatu mpaka sita wengi wanaanza na swali hilohilo, huyu ukorofi kaurithi kwa nani. Mimi nawauliza kitu kingine: jana alivyolilia simu, nini kilifuata?

Hapo ndo stori inaanza. Ulimkatalia, akalia, ukamkatalia tena, akajitupa chini anarusha mateke na wageni wapo sebuleni, basi ukampa, akanyamaza. Yeye kapata simu, wewe umepata utulivu, ndo maana kesho mnarudia. Mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake kule Oregon, Marekani, walikuwa wanaenda majumbani kabisa kuandika nani kafanya nini na mwenzake kajibuje, na mwaka 1982 akaueleza huu mzunguko kwa kirefu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kulegeza siku moja moja ndo kunaifanya tabia iwe sugu, maana mtoto anajua akikaza tu iko siku utachoka.

Fimbo nayo imo humohumo. Ukimchapa ananyamaza palepale, unaona imefanya kazi, wiki ijayo unachapa zaidi. Tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka zinaonyesha wanaochapwa mara kwa mara ugomvi wao huwa unaongezeka, hata ukizingatia walivyokuwa wakorofi toka mwanzo. Na simsemi mama vibaya jamani, mtoto msumbufu naye anamchosha mtu mpaka mkono unanyanyuka wenyewe, yaani wanasukumana pande zote mbili.

Sasa tunaanzia wapi? Kwenye ule muda katulia, ambao wengi tunaupita kimya kwa sababu hasumbui. Kaa naye dakika kumi kila siku mcheze anachotaka yeye, simu weka mbali, akifanya vizuri msifie kwa kitu chenyewe, "umepanga viatu vyako, safi sana". Ukimtuma, jambo moja kwa maneno machache. Ukishakataa umekataa, na bibi na dada wa nyumbani wawe na msimamo huohuo, la sivyo atajua pa kwenda. Ila jiandae, siku za mwanzo kilio kinaweza kupanda kabla hakijashuka na wengi wanaachia hapohapo.

Halafu kama mtoto hageuki ukimwita kwa nyuma, au maneno yake bado machache kuliko wenzake, mpeleke akapimwe masikio kwanza. Nimeona watoto wanaitwa kaidi kumbe hawasikii.