Kung'oa tailizi bila kula vumbi: maswali na majibu

Fundi anasema mashine ya mtetemo (ile ya mkononi yenye bledi inayotikisika, ya kukatia grauti) haitoi vumbi. Ni kweli?

Inatoa, ila kidogo. Diski ya grenda huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika na hurusha unga kila upande, bafu zima likawa jeupe. Bledi ya mashine ya mtetemo haizunguki. Hucheza kushoto na kulia kwa digrii 3 au 4 tu, kwa kasi kubwa, na unga mwingi huangukia palepale kwenye mfereji wa grauti, yaani saruji iliyojazwa kati ya tailizi na tailizi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini vumbi linaloumiza mapafu si lile unaloliona sakafuni.

Kwani vumbi la tailizi lina nini?

Lina silika, madini ya mchanga. Imo kwenye mchanga wa grauti, kwenye gundi ya saruji na kwenye udongo wa tailizi yenyewe. Chembe zake ndogo kabisa, chini ya maikroni 10 (unywele una kama 70), hupita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Hujaribu, hushindwa, na pafu hubaki na makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna tiba ya kuuondoa. Silika pia husababisha saratani ya mapafu, na hurahisisha kushikwa na kifua kikuu, jambo ambalo wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, Tanzania, wanalijua vizuri.

Marekani kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Piga hesabu kwa bafu la mita 2 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.5: ni nusu miligramu ya silika inayoelea chumba kizima. Hata ncha ya kisu haionekani kuchafuka.

Nifanyeje ili vumbi lipungue kweli?

Tuchukue kazi ya kawaida: kutoa tailizi moja iliyopasuka. Zima feni, toa taulo na miswaki, ziba mlango kwa nailoni, fungua dirisha la nje.

Lowesha grauti kwa chupa ya kunyunyizia hadi ibadilike rangi, lakini maji yasituame. Nyunyizia grauti, kamwe usinyunyizie mashine. Ya betri ni salama zaidi hapa. Ya waya iwe kavu, na ipite kwenye kinga ya kukata umeme ya miliampea 30.

Funga bledi ya nusu duara yenye chenga za kabaidi au almasi, nyembamba kuliko mfereji. Anza kwa kasi ya kati, isogeze mbele na nyuma bila kuikandamiza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakiona inakwenda taratibu wanaegemea. Bledi ikibanwa haichezi, inachemka, chenga zinalainika, na kilichobaki ni kelele na moshi. Tena huruka na kukwaruza tailizi ya jirani. Nyunyizia tena kila grauti inapokauka.

Mdomo wa mashine ya kufyonza uwe sentimita 2 au 3 kutoka kwenye bledi, ukishikwa na msaidizi aliyevaa barakoa pia. Mashine iwe na chujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi laini kabisa. Ile ya kawaida ya kufyonzea zulia hukusanya mchanga mbele na kupuliza vumbi laini nyuma, bora isiwashwe kabisa.

Grauti ikiisha pande zote nne, funika tailizi kwa kitambaa kibichi, ivunje katikati kwa nyundo na patasi, kisha bandua ukitoka katikati kwenda pembeni. Gundi iliyobaki itoe kwa bledi pana ya kukwangua, ukiilaza. Usiisage kwa grenda. Utarudisha vumbi lote uliloliepuka.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali inatosha?

Hapana. Inayofaa ni N95 au FFP2 kwenda juu. Kwa fundi anayeshinda kwenye kazi hii, barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100. Ivae, ifunike kwa viganja, pumua nje kwa nguvu: ukisikia upepo mashavuni, haijakaa. Ndevu huiharibu kabisa. Vaa pia miwani na vizibo vya masikio.

Usafi je?

Barakoa ibaki usoni. Ufagio mkavu marufuku, na kompresa ya kupuliza ni mbaya zaidi. Fyonza, kisha futa kwa sponji yenye maji kabla tope halijakauka. Tope litie kwenye mfuko wa taka, usilimwage kwenye sinki, litaziba bomba. Nguo usizikung'ute, zifue peke yake.

Nikinywa maziwa baada ya kazi, si yanasafisha?

Maziwa huenda tumboni, vumbi liko mapafuni. Kunywa kama una njaa.

Sakafu ya zamani ya plastiki nayo?

Simama kwanza. Vigae vya vinaili vya kabla ya miaka ya 1980, hasa vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi, vinaweza kuwa na asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Visikatwe wala kukwanguliwa kabla ya kupimwa maabara.

Niende hospitali lini?

Silikosisi hukaa kimya kwa miaka, mara nyingi zaidi ya 10, au michache tu kama vumbi lilikuwa zito. Kikohozi cha wiki mbili, au kuishiwa pumzi kwenye ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida, ni sababu ya kwenda. Mwambie daktari wazi kuwa unakata tailizi na kwa miaka mingapi, kwa sababu kwenye picha ya kifua silikosisi na kifua kikuu huweza kufanana. Omba makohozi yapimwe pia.