Nyota za tumbo moja hujulikana kwa chuma chake

Msimu wa korosho ukipamba moto huku kwetu Mtwara, fungu la nyota liitwalo Kilimia huchomoza mara tu giza linapoingia. Ukisimama ufukweni Mikindani, mbali na taa, utahesabu nyota sita au saba kwa macho matupu. Kwa darubini zinapita elfu moja. Ziko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, na zote zilizaliwa katika wingu moja la gesi, zaidi kidogo ya miaka milioni 100 iliyopita.

Wanaastronomia wengi watakwambia ushahidi wa undugu huo ni kwamba zinasafiri pamoja. Ni kweli, ila mimi nasoma kemia ya nyota, na ushahidi ninaouamini zaidi umo kwenye mwanga wenyewe. Ukiutawanya mwanga wa nyota, rangi zake hukatwa na mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake: sodiamu huacha miwili iliyobanana penye manjano, chuma huacha maelfu. Uzito wa mstari hutegemea wingi wa elementi, lakini pia joto la nyota. Mwanaastronomia Cecilia Payne aliyatenganisha hayo mawili mwaka 1925, ndipo ikabainika kwamba nyota karibu yote ni hidrojeni na heliamu.

Mimi nafuata kile kiasi kidogo kinachobaki. Nyota kama Jua haina uwezo wa kutengeneza chuma. Kilichomo ilikirithi kutoka kwenye wingu lake. Lithiamu siitumii kutafuta asili, maana nyota huiunguza yenyewe.

Hapo ndipo kazi hii inaponinogea. Mafungu mengi husambaratika, na yumkini hata Jua lina ndugu waliopotea tangu miaka bilioni 4.6 iliyopita. Mwaka 2002 wanaastronomia Freeman na Bland-Hawthorn walipendekeza tuwatafute kwa kemia. Chuma peke yake hakitoshi, kwa kuwa mawingu mengi yanafanana kwa chuma. Ndiyo maana mradi wa GALAH kule Australia umepima elementi hadi 30 hivi kwa nyota moja.

Mwezi Juni, usiku usio na mbalamwezi, tazama kusini: fungu la Omega Centauri huonekana kama nyota yenye ukungu. Limekusanya nyota takriban milioni 10, ila viwango vyao vya chuma vinapishana mno. Watafiti wengi wanaona ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu, nami nakubaliana nao: wingu moja halizai tofauti kubwa kiasi hicho.