Jukwaa hubomolewa, mteremko hubaki

"Mwalimu, hapa ni sawa?"

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali hilo mara 11 katika kipindi cha dakika 40. Nilihesabu kwa kuchora vistari pembeni mwa andalio langu la somo, maana nilianza kujishuku kwamba pengine naona vibaya. Kila akimaliza mstari mmoja wa hesabu, mkono juu. Nami naenda, nainama, natazama daftari, nasema "sawa, endelea," naondoka. Katika mara zote hizo 11 hakukosea hata mara moja. Hesabu aliiweza. Asichokuwa nacho ni njia ya kujua mwenyewe kwamba amepata, na mimi niliyekuwa namhurumia ndiye niliyekuwa namnyima njia hiyo, kila nilipomjibu.

Nimekuwa katika kazi ya elimu jumuishi, yaani kuwafundisha pamoja wanafunzi wenye ulemavu na wasio nao, kwa muda mrefu, kwanza nikifundisha, sasa zaidi nikiketi nyuma ya madarasa ya wenzangu na kuzungumza nao baada ya kipindi. Walimu huniletea maswali mawili. La kwanza: nimsaidieje huyu anayebaki nyuma? La pili: nifanyeje wanafunzi wangu wajiongoze, waache kunisubiri mimi kwa kila jambo? Huyaleta kama maswali ya siku mbili tofauti. Kwangu ni swali moja. Namna unavyomsaidia mwanafunzi leo ndiyo itakayoamua kama kesho ataweza kujiendea, au atakuwa amejifunza kukungoja.

Mwaka 1976 watafiti David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wakijenga piramidi ya vipande vya mbao wakiwa na mtu mzima pembeni. Waliangalia huyo mtu mzima anafanya nini hasa: anamshika mtoto asikate tamaa, anapunguza ugumu wa kazi, anamwonyesha kilicho muhimu, kisha anajiondoa kadiri mtoto anavyoweza. Walichagua neno la ujenzi kueleza msaada huo, lile jukwaa la mbao na nguzo ambalo fundi husimamia anapopandisha ukuta. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alikwishaandika kuhusu eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akishikwa mkono. Jukwaa husimama katika eneo hilo. Na kila fundi, siku anapolisimamisha, anajua litabomolewa. Hakuna anayehamia nyumbani na jukwaa likiwa bado limezunguka kuta.

Darasani majukwaa mengi hayabomolewi. Nimeona vianzio vya sentensi vilivyobandikwa ukutani mwanzoni mwa mwaka bado vikinakiliwa na wanafunzi wale wale mwishoni mwa mwaka. Nimeona mwalimu msaidizi aliyeketi kando ya mtoto mmoja kila siku hadi mtoto akaacha kumtazama mwalimu anayefundisha, akijua mambo yote yatarudiwa sikioni mwake baadaye. Hakuna aliyekusudia ubaya. Msaada ulipangwa utakavyoanza, haukupangwa utakavyokwisha.

Lakini hapa kuna jambo ninalotaka kulisema kwa mkazo, kwa sababu kulichanganya huumiza watoto. Si kila msaada ni jukwaa. Mlango wa jengo ukiwekewa njia ya mteremko kwa ajili ya mtu wa kiti cha magurudumu, hatuji baada ya miezi sita kuung'oa mteremko ule ili "azoee ngazi." Mteremko ni sehemu ya jengo. Ndivyo ilivyo kwa miwani, kifaa cha kusaidia kusikia, maandishi ya nukta nundu, lugha ya alama, maandishi yaliyokuzwa, na muda wa ziada kwa mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, ambaye herufi humchelewesha ilhali fikra hazimchelewi. Hizi ni nyenzo za kudumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaziweka katika Ibara ya 24 kama haki, si kama fadhila ya mwalimu mwenye moyo mzuri. Nikimsikia mwalimu akisema atamwondolea mtoto muda wa ziada ili ajifunze kujitegemea, moyo huniuma kweli. Kujitegemea kwa mtoto yule ni kujua nyenzo yake, kuitumia bila haya, na kuiomba pale ilipokosekana. Mwanafunzi mwenye uono hafifu anayesema, "Mwalimu, naomba niketi mbele, na unapoandika ubaoni sema kwa sauti unachoandika," huyo anajiongoza kuliko wengi darasani.

Kwa hiyo kwa kila msaada ninaoutoa hujiuliza: hili ni jukwaa au mteremko? Kama ni jukwaa, naandika kwenye andalio la somo lini nitaanza kulipunguza. Kama ni mteremko, nauweka wazi kwa darasa zima. Mteremko wa mlangoni humfaa pia mwenye mzigo mzito na mzazi anayesukuma mtoto. Na maelekezo yaliyoandikwa ubaoni pamoja na kusemwa hayamfai mwenye usikivu hafifu peke yake, humfaa pia aliyekuwa amezubaa kidogo na yule ambaye lugha ya kufundishia si lugha yake ya nyumbani.

Nipite haraka kwenye jambo moja ambalo bado nalikuta kila mahali: kuwagawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kisha kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kuhalalisha mgawanyo huo. Yaacheni. Wanafunzi wanatofautiana kweli, ila wanatofautiana katika mambo yanayoshikika zaidi: wanajua nini tayari, wanasoma kwa kasi gani, lugha ya somo wanaielewa kiasi gani, wanaweza kushika mambo mangapi kichwani kwa wakati mmoja, na wanaogopa kukosea kiasi gani.

Hilo la wanajua nini tayari lina uzito wa pekee tunapozungumzia uhuru. Kuna imani kwamba ukimwachia mwanafunzi agundue mwenyewe, unamjengea kujiongoza. Mwenye msingi, ndiyo, hufaidika. Mgeni wa mada huzama, kwa sababu nguvu zote za akili zinaishia kwenye kutafuta pa kuanzia, hazibaki za kujifunzia. Mtafiti wa elimu John Sweller na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kufanyiwa kazi, na kwamba mifano hiyo hiyo, kwa aliyekwisha kubobea, huanza kuwa mzigo. Basi darasa moja, siku moja, lina watu wanaohitaji jukwaa zima na watu wanaohitaji ulibomoe upesi. Ukitoa uhuru sawa kwa wote, unawapandisha walio juu na kuwaacha wengine chini.

Njia ninayoitegemea ni kufuta hatua moja moja. Chukua mlinganyo 3x + 5 = 20. Mfano wa kwanza nauandika wote ubaoni: natoa 5 pande zote, 3x = 15; nagawanya kwa 3, x = 5; kisha mstari wa mwisho ambao walimu wengi huuruka, nairudisha 5 mahali pa x, 3 × 5 + 5, nasoma 20, inakubali. Mfano wa pili, wenye namba nyingine, nauandika bila mstari wa mwisho, wanaujaza wao. Wa tatu nafuta mistari miwili. Wa nne nabakiza mlinganyo peke yake. Anayekwama kwenye wa tatu anarudi kwenye wa pili, hana haja ya kuniita. Anayeona wa pili ni mwepesi anaruka hadi wa nne bila kuomba ruhusa. Uamuzi huo mdogo, narudi au naruka, ndio zoezi lenyewe la kujiongoza, na unafanywa na mwanafunzi akiwa na kitu cha kuegemea.

Na ule mstari wa mwisho, wa kuhakiki, ndio uliokuwa jibu la yule mwanafunzi wangu wa "ni sawa?" Niligundua kwamba nilikuwa nimefundisha kukokotoa bila kufundisha kuhakiki, hukumu nilikuwa nimeibakiza mkononi mwangu. Nilimtengenezea kadi ndogo, nikaiweka kona ya dawati lake. Ilikuwa na mambo matatu: rudisha jibu mahali pa x; kama imekataa, linganisha mstari wako na mfano wa ubaoni; kama bado, muulize jirani kabla ya mwalimu. Nilimwambia waziwazi kwamba kadi ni ya muda.

Kwenye hesabu jibu linajishuhudia lenyewe. Kwenye insha halijishuhudii, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Mwanafunzi hawezi kujitathmini kwa kipimo asichokijua, na kipimo mara nyingi kimo kichwani mwa mwalimu tu. Ninachofanya ni kuwapa aya mbili za wanafunzi wasiojulikana, moja nzuri na moja ya wastani, waseme ipi ni ipi na kwa nini. Wanabishana. Sababu wanazotoa naziandika ubaoni kwa maneno yao, "hii imetoa mfano, ile imerudia hoja tu," na maneno hayo ndiyo yanakuwa orodha ya kujikagua. Orodha waliyoizaa wenyewe huitumia. Ile niliyokuwa nikiwaletea imechapishwa waliitumia kufungia daftari.

Kuhusu kuwapa wanafunzi nafasi ya kuchagua: napenda sana, ila nimejifunza kuangalia wanachagua nini kati ya nini. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwa kina kwamba motisha ya ndani hulishwa na mambo matatu, yaani kujiona una kauli juu ya unachofanya, kujiona unaweza, na kujiona ni wa pale. Chaguo hulisha la kwanza. Likilisha la kwanza huku likidhoofisha la pili, tumepoteza. Ukisema "chagueni, andikeni insha au choreni bango," mwanafunzi anayehangaika na kuandika atachora mwaka mzima, na atamaliza mwaka hajui kuandika, tena kwa ridhaa yake. Kama lengo la somo ni kutetea hoja kwa ushahidi, achague kusema au kuandika, vyote viwili vinafika. Kama lengo ni kuandika, achague mada, achague aanze na aya ipi, achague nani amsomee kwanza; kuandika kwenyewe hakumo kwenye machaguo.

Jambo jingine dogo lisilogharimu chochote ni kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe alipopima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali alikuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu, mikono huwasha. Kwa mwanafunzi anayetafsiri swali kichwani kwanza, hizo ndizo zinazomwingiza darasani.

Kujiongoza kunahitaji pia kujua kujifunza kunavyokwenda, maana hisia zetu hudanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa watu matini. Baadhi waliisoma tena, wengine walijaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio walioongoza. Mwanafunzi aliyeachiwa kipindi cha kujisomea atachagua kurudia kusoma, kwa sababu kunampa hisia ya kuelewa. Nisipomfundisha kufunga daftari na kuandika anachokumbuka, nimemwachia usukani bila kumwonyesha barabara.

Ndiyo maana mwanzo wa kipindi cha kujisomea huwaomba waandike sentensi moja ya mpango. Mara za kwanza hupata "leo nitajitahidi." Narudisha kwa upole: utafanya nini, ngapi, na utajuaje umefanikiwa? Baada ya wiki chache huja "nitafanya milinganyo 4, nahakiki kila mmoja kabla ya kwenda mwingine." Mwisho wa kipindi wanasoma tena sentensi ile na kuongeza moja: ilitokea? Haizidi dakika 3.

Yule mwanafunzi wa kadi nilimhesabia tena baada ya wiki sita. Vistari viwili. Cha pili kilikuwa cha swali hili: "Mwalimu, nimehakiki, imekataa. Nadhani kosa liko mstari wa pili, kwenye alama ya kutoa. Nianzie hapo?" Siku iliyofuata niliiondoa kadi kama tulivyokubaliana. Siku ya jaribio akaja mezani kwangu kabla ya kengele, akaniomba niirudishe kwa wiki moja tu, kwa sababu siku za majaribio hofu humsahaulisha mpangilio. Nikampa, nikaandika tarehe mpya kwenye andalio, naye akainakili tarehe hiyo kwenye jalada la daftari lake.