Mbwa Ametoka Hospitali: Tiba Gani za Ziada Zitamfaa?

"Daktari, mbali na dawa, tumfanyie nini tena?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa sana na wenye mbwa waliougua sana. Kazi yangu ya udaktari wa wanyama ni kuwarudishia mbwa nguvu baada ya ugonjwa au upasuaji, na kabla ya kutaja tiba yoyote huangalia kwanza ugonjwa umemwachia nini: miguu dhaifu, maumivu, au tumbo linalokataa chakula. Tiba inayomfaa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Tuseme diski ya uti wa mgongo, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili, imechomoza na kubana mishipa ya fahamu, tatizo linalowapata sana mbwa wa aina ya dachshund, wale wenye mwili mrefu na miguu mifupi. Miguu ya nyuma imelegea na misuli ya mapaja inasinyaa upesi. Muda wa kupumzika alioagizwa na daktari wake ukiisha, tiba ya maji, yaani kutembezwa ndani ya maji, humsaidia mno. Maji yakimfika nyongani, miguu hubeba takriban asilimia 38 tu ya uzito wake. Yakiishia gotini, bado hubeba kama asilimia 85. Ndiyo maana tunaanza na maji ya kina, mkanda unaozunguka chini ya miguu yake ukienda polepole. Mimi humshika chini ya tumbo huku nikitazama nyayo. Akianza kukanyagia mgongo wa vidole, amechoka, nasimamisha. Mwanzoni dakika chache zinatosha. Mwenye homa au kidonda kisichofunga haingii majini.

Nyumbani, mwenye mbwa anaweza kumkunja na kumnyoosha viungo mwenyewe, na sichoki kulisisitiza hili. Mlaze ubavu. Mkono mmoja ushike juu ya kiungo, mwingine chini yake, kisha kunja taratibu mpaka uhisi kinakaza. Akilamba midomo au kugeuka kuutazama mkono wako, ishia hapo. Anakwambia panauma.

Tiba ya sindano nyembamba zisizo na dawa (akupancha) naitumia kutuliza maumivu, lakini sambamba na dawa. Ushahidi wake kwa mbwa bado si mwingi, ila nimeona wengi wakitulia, wengine hata kusinzia sindano zikiwa mwilini. Anayehangaika simlazimishi. Ipo pia tiba ya mwanga wa leza, lakini miale yake haielekezwi penye uvimbe wa saratani. Homeopathia, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, siitumii kabisa, kwa kuwa haijathibitika kushinda kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni vitu vya asili vinavyotolewa kimyakimya. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, si mchai wa majani ya kunywa) yasiyochanganywa, hata yakipakwa kwenye ngozi tu, yanaweza kumletea kutetemeka na udhaifu wa miguu. Mafuta ya bangi yenye THC, kemikali yake ya kulevya, humlewesha, na hata yale ya CBD, kemikali yake isiyolevya, yanaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, jambo zito kwa mbwa ambaye ini lake tayari linahangaika na dawa nyingine. Tafadhali mwambie daktari wako kila kitu unachompa, hata matone mawili. Hatakugombeza, anataka tu kupanga dawa bila kumuumiza.

Siku inayofuata baada ya tiba yoyote, mtazame anavyoinuka. Akiwa amekakamaa viungo kuliko jana, punguza tiba hiyo. Akishindwa kukojoa, au miguu ikilegea ghafla, acha kila kitu umpeleke hospitali siku hiyohiyo.