Farasi-mwitu, mawe na punda milia: yanayoaminiwa na yalivyo

Mwanza farasi ni mnyama wa kwenye runinga. Wengi tunamjua kwa picha ile ile: dume jeusi linapaa mlimani, singa zinapepea, na mpandaji yuko nyuma yake mbio. Anayefunga safari ya kwenda kuwaona farasi wa porini akiwa juu ya tandiko huondoka na picha hiyo kichwani. Porini ndiko inakomwangusha.

Dhana: Farasi wa porini wa Marekani ni farasi-mwitu wa asili.

Farasi wa kale wa Amerika Kaskazini walitoweka takribani miaka 10,000 iliyopita. Wanaoonekana leo Nevada au Wyoming ni uzao wa farasi wa kufugwa. Wahispania waliwafikisha visiwa vya Karibi mwaka 1493, mvamizi wao Cortés akawapeleka Meksiko 1519, na kwa karne zilizofuata wengine walitoroka mashambani na jeshini. Kiswahili tayari kina mfano wake: paka shume. Ni paka yule yule wa nyumbani, ila amerudi mwituni. Hilo haliwaondolei hadhi, kwani sheria ya Marekani ya 1971 inawalinda katika ardhi ya serikali, na kuwafukuza au kuwasumbua ni kosa.

Mwenye haki zaidi ya kuitwa farasi-mwitu ni takhi wa Mongolia. Ana kromosomu 66, wa kufugwa ana 64. Alikwisha kabisa porini, akabaki kwenye bustani za wanyama, na kuanzia 1992 akarudishwa Mongolia. Hata yeye ana kesi: uchunguzi wa vinasaba wa 2018 ulidai mababu zake waliwahi kufugwa Botai, Kazakhstan. Wataalamu bado wanabishana.

Dhana: Kwetu hakuna jamii ya farasi porini.

Toka Mwanza, pita Magu, fika Lamadi, na baada ya hapo lango la Ndabaka. Ng'ambo ya lango kuna punda milia, ndugu wa damu wa farasi, na maisha ya familia yake yanafanana mno na ya farasi wa porini: dume moja, majike machache, watoto wao, na pembeni makundi ya madume makapera. Kati ya Mei na Julai uhamaji wa nyumbu na punda milia unapopita ukanda wa magharibi wa Serengeti, idadi yao huongezeka sana. Ukijua kumsoma punda milia, umeshajua zaidi ya nusu ya kumsoma farasi wa Nevada. Kumwangalia kutoka mgongoni mwa farasi kunahitaji kibali cha eneo husika na mwongozaji mwenye silaha. Huko kuna simba na nyati pia.

Dhana: Punda milia akifunzwa mapema atapandwa kama farasi.

Daktari Rosendo Ribeiro alimpanda mmoja mitaani Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na picha yake ipo. Lakini mnyama mmoja aliyezoea mtu si aina nzima iliyofugika. Punda milia huinamisha kichwa kukwepa kamba, hung'ata bila kuachia, na hofu yake haiishi kwa kizazi kimoja cha mafunzo.

Dhana: Farasi hawaishi Kanda ya Ziwa kwa sababu ya joto.

Wanaishi Sudan na Uarabuni, ambako jua ni kali kuliko la Mwanza. Adui yao huku ni wadudu. Mbung'o wa vichaka vya ukanda wa magharibi wanaleta nagana, malale ya mifugo. Usubi, wale wadogo wa jioni, wanaeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao katika sura yake ya mapafu huua karibu kila farasi asiye na kinga. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua, kwa hiyo unayemfuata kumwangalia ndiye anayeweza kuwa chanzo cha maradhi ya unayempanda.

Ndiyo maana farasi huchanjwa kabla ya msimu wa wadudu hao, na kabla jua halijazama huwa ameshaingizwa banda lenye wavu mpaka kupambazuke vizuri. Mpandaji naye aache nguo za bluu na nyeusi, rangi zinazoshonewa mitego ya mbung'o kwa kuwa zinawavuta. Mistari inasaidia kweli: katika jaribio lililochapishwa 2019, farasi waliovishwa vazi la mistari walituliwa na pange wachache kuliko waliovaa la rangi moja. Kichwani, ambako hapakufunikwa, hapakuwa na tofauti.

Dhana: Kiatu cha chuma ndicho kinga ya kwenye mawe.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Majabali ya Mwanza yanafundisha vizuri: ni granaiti iliyosuguliwa na mvua, na juu yake mara nyingi kuna changarawe iliyomomonyoka kutoka kwenye jiwe lenyewe. Chuma juu ya granaiti laini huteleza, na changarawe huviringika chini ya kwato kama gololi. Mvua ikinyesha ni mbaya maradufu. Farasi wa miamba huvalishwa viatu vya mpira, au chuma kilichotiwa nukta ngumu za kushika. Kwato zilizokomaa zikiachwa peku nazo hushika vizuri kuliko chuma kitupu.

Ukifika kwenye jabali tupu lenye mteremko, shuka. Pandisha vikuku vya kukanyagia juu ya tandiko visinase kichakani, shika kamba ya kama mita 3, tembea ubavuni usawa wa bega lake. Usitembee mbele yake moja kwa moja, kwa sababu akiteleza atakuja juu yako.

Ukiwa umempanda, kupanda mlima inama mbele kidogo, shika singa, usijivute kwa hatamu. Kuteremka kaa wima, legeza hatamu ainamishe kichwa aone anapokanyaga, na shuka moja kwa moja. Kukatiza mteremko mkali kwa ubavu kunaonekana salama, lakini mguu ukiteleza anabiringika. Udongo mweusi wa mbuga una hila nyingine: ukilowa unameza kwato, ukikauka unapasuka nyufa za kuvunja mguu.

Mkanda wa tumbo ukazwe tena baada ya dakika 10 hadi 15, kwa sababu farasi wengi hutunisha kifua wakati wa kufungwa. Na uzito: mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 abebe 90. Tandiko likiwa na 15, wewe unabakiwa na 75.

Dhana: Ukiwa na farasi mwenye mbio utawafikia.

Ukiwafukuza, umeshapoteza. Watakimbia, utaona vumbi, na mtoto aliyezaliwa juzi anaweza kuachwa nyuma. Wakaribie kwa kukatiza, hatua za kawaida, kana kwamba unapita zako. Kaa umbali usiopungua mita 30, na kwa punda milia zaidi. Usisimame kati yao na maji, wala kati ya mama na mtoto. Vichwa vikiinuka pamoja na masikio yote yakakuelekea, simama. Wakirudi kula, umekubaliwa.

Panda farasi aliyehasiwa. Jike lililo kwenye joto la kutaka dume litamleta dume la kundi mpaka kwenye goti lako.

Dhana: Dume ndilo kiongozi wa njia.

Mara nyingi anayetangulia ni jike lenye umri, dume liko nyuma au ubavuni likilinda. Ukitaka kujua wanakoelekea, mtazame yule jike wa mbele.

Dhana: Farasi mwenye joto akinywa maji baridi atakufa.

Mwache anywe, kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Kwa siku ya kazi kwenye joto anaweza kumaliza lita 60 au zaidi. Mnyweshe kwa ndoo, si kwenye vidimbwi vya mito ya Mbalageti au Grumeti, kwa sababu ya mamba. Kisha tafuta mshipa chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Akiwa ametulia huwa kati ya 28 na 44. Baada ya mapumziko ya dakika 20 yakiwa bado juu ya 64, safari ya siku hiyo imeishia hapo. Fungua tandiko, mtafutie kivuli.