Riwaya ya Mwanamke Si Ripoti ya Ukewenza

Tahakiki nyingi ninazokutana nazo za Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, huanzia kwenye ukewenza na kuishia hapo hapo. Mume kaoa mke wa pili, mke mkubwa kaumia, mila zimelaumiwa, basi. Si uongo, lakini ukimaliza kusoma hujui kama umeelezwa habari za riwaya au za semina. Mwanamume akitafsiriwa tunauliza anaandikaje. Mwanamke tunauliza analalamikia nini.

Mimi, nikihakiki riwaya ya mwanamke iliyotafsiriwa, huanza na umbo. Riwaya hii ilitoka Dakar mwaka 1979 kwa Kifaransa, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vinavyochapishwa Afrika, tena ndiyo iliyoifungua tuzo hiyo. Ramatoulaye amefiwa na mumewe Modou. Yuko edani, anamwandikia shoga yake Aissatou aliyeko Marekani. Msomaji wa Paris huenda akahitaji kuelezwa eda ni nini. Wa Tanga au Lamu anajua: miezi minne na siku kumi, mjane katulia nyumbani. Ufundi wa Bâ umejificha humo. Eda inampa Ramatoulaye muda wa kuandika, inamfungia ndani na kumbukumbu zake, na inamnyima pa kuwakimbilia wageni. Ndipo siku ya arobaini shemeji yake Tamsir anapomjia na imamu, kutangaza kwamba eda ikiisha atamwoa. Anayejua kuwa mwanamke wa eda haposwi waziwazi atashtuka kabla hata Ramatoulaye hajafungua kinywa, na akifungua, miaka thelathini ya kunyamaza inamtoka kwa mkupuo. Tahakiki isiyofika kwenye ukurasa huo, kwangu mimi, haijasoma kitabu.

Halafu kuna mtafsiri. Watu huniuliza nawezaje kumpima ikiwa lugha ya asili siijui vizuri. Kwa kusikiliza sauti. Chukua Celestial Bodies ya Jokha Alharthi wa Oman, iliyotafsiriwa na Marilyn Booth kutoka Kiarabu kwenda Kiingereza, na iliyoshinda mwaka 2019 International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. (Pauni 50,000 za tuzo hiyo hugawanywa nusu kwa nusu, mwandishi na mtafsiri. Mgao wa haki.) Abdallah, akiwa ndani ya ndege ya kwenda Frankfurt, anasimulia mwenyewe, akirukaruka kutoka utotoni hadi ukubwani bila kubisha hodi, ilhali habari za wengine tunapewa na msimulizi wa nje. Sauti hizo mbili zikifanana, nitakuwa na swali kwa mtafsiri. Kwa Booth hazifanani.

Kisha namtazama Zarifa, mtumwa aliyemlea Abdallah. Utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970 tu, na msomaji wa pwani yetu hawezi kumpita mwanamke huyu kama pambo la hadithi. Anasema kwa methali. Nauliza: zinatoka kama maneno ya mtu aliyezizoea, au zimenyooshwa mpaka zikawa maelezo?

Kusema tafsiri “inasomeka kwa urahisi” nimeacha. Gazeti nalo linasomeka kwa urahisi. Badala yake jina la mtafsiri naliweka aya ya kwanza, pamoja na lugha aliyotafsiria kutoka, kwa sababu riwaya ya Kifaransa iliyotufikia kupitia Kiingereza imepita mikono miwili, na msomaji anayelipia kitabu ana haki ya kujua ni ya nani.