"Baba Yake Naye Alichelewa Kusema": Maswali Kuhusu Urithi, Ubongo na Kujifunza

Vinasaba vinahusikaje na kujifunza?
Vinasaba ni maelekezo ya mwili, nusu kutoka kwa mama, nusu kwa baba. Baadhi yake huongoza jinsi seli za ubongo zinavyoungana. Neno likirudiwa, njia yake ubongoni hukomaa, lisiposikika, hufifia. Huko kujijenga kwa kutumika ndiko kunakoitwa unyumbufu wa ubongo.

Kwa hiyo wako watoto waliozaliwa wazito wa kujifunza?
Watu hutofautiana, ni kweli. Iko jeni, yaani kinasaba kimoja, iitwayo BDNF, inayotengeneza protini ya kuimarisha miungano hiyo. Kwa baadhi ya watu herufi moja ya jeni hiyo ni tofauti, na seli zao huachia protini pungufu kidogo zinapofanya kazi. Athari yake kwenye kumbukumbu ni ndogo, wala haimzuii mtu kusoma. Kujifunza kunaguswa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia chembe tu. Jeni ya "uzito" haipo.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu, hasemi. Bibi yake anasema tusubiri, maana baba yake naye alichelewa.
Usisubiri, mama. Bibi tunamheshimu, lakini maneno hayo ndiyo tunayoyasikia kliniki kila mara mtoto anapoletwa na miaka sita, wiki moja kabla ya kuandikishwa darasa la kwanza. Miezi 18 mtoto awe anatembea na ana maneno machache. Miaka miwili aunganishe mawili: "mama maji". Asipofanya hivyo, mlete wiki hiyohiyo.

Kitu cha kwanza tunachotazama ni masikio. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara huharibu usikivu, na asiyesikia atajifunzaje kusema? Sehemu ya ubongo ya kusikia isipopata sauti miaka ya mwanzo, hushika kazi nyingine. Nyumbani tia punje za mahindi kwenye chupa ya plastiki, simama hatua mbili nyuma ya mtoto, tikisa kulia, kisha kushoto. Asione kivuli chako. Wengi hupiga makofi karibu na shingo. Mtoto anageuzwa na upepo, wao wanasema anasikia. Akigeuka, mlete vilevile, kwani anaweza kusikia mtikiso na asiyapate maneno.

Na kama kweli ni urithi?
Bado usisubiri! Urithi si kusema hakuna tiba. Hali ya Down kwa kawaida hairithiwi, lakini hutokana na vinasaba: mtoto ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 47 badala ya 46. Hujifunza kwa mwendo wake, na mazoezi humfaa zaidi akianza angali mchanga. Tezi ya shingo yake mara nyingi hulegea, ubongo ukadorora, na dawa ipo. Selimundu ndiyo hurithiwa: huweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kupooza, mkaona tu ameporomoka shuleni. Ipo dawa ya kila siku ya kupunguza hatari hiyo.

Nyumbani tufanye nini?
Semeni naye. Unapokuna nazi, mtajie: mbuzi, kifuu, tui. Kisha nyamaza, hesabu kumi moyoni, umpe nafasi ajibu. Simu haimsubiri ajibu, kwa hiyo chini ya miaka miwili usimpe kabisa. Tumieni chumvi yenye madini joto. Degedege ni hospitali moja kwa moja, si kufukizwa. Na tafadhali, acheni kumchapa mtoto kwa sababu hasemi.

Wetu ana miaka sita. Tumechelewa?
Mmechelewa, lakini mleteni leo. Ubongo wake bado unajifunza, ila kwa jasho zaidi. Anzeni zahanati ya karibu. Ikibidi mtaandikiwa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga. Chukueni kadi ya kliniki. Andikeni alilia baada ya muda gani alipozaliwa, alikaa na kutembea na miezi mingapi, degedege alilopata, na maneno yote anayosema, hata kama ni matatu.